Kigingi cha Mpingo Kwenye Shimo la Lifti

Habari ya kigingi niliambiwa na mume wangu Saadi kwa kinywa chake mwenyewe, alasiri moja ya mvua za kwanza, hapo Nachingwea, mwaka wa hamsini unaelekea kwisha. Mimba yangu ilikuwa imekwisha kuwa nzito. Nilikuwa nimekaa chini, nimeegemea nguzo ya nyumba. Kabla ya alasiri ile nilikuwa najua nusu tu, kama ninyi mnaosoma.

Kwa ambaye hakupata gazeti la juma lililopita: nyumba yetu ya Nandagala iliungua, tukahamia Nachingwea pamoja na kaka yangu Kaimu, maana mashamba ya karanga ya Wazungu yalikuwa yanatafuta mikono. Mume wangu ni mchimba visima, mwana wa mchimba visima. Kontrakta mmoja akamwajiri kuchimba shimo refu chini ya ghala jipya la mbegu. Niliishia pale Saadi alipotoka shimoni suruali imelowa hadi magotini, anacheka peke yake kama mwehu.

"Maji, Mwamina! Nimepata maji!"

Ninyi mnaofungua bomba hamwezi kujua neno lile lilivyokuwa. Kiangazi cha Nachingwea tulikuwa tunafuata maji tangu alfajiri, tunarudi jua linachoma utosi, na debe lenyewe nusu tope. Nilipiga kigelegele. Jirani akakipokea. Mara wanawake wamejaa mlangoni pa ghala na madebe yao, wanasukumana.

Akatokea nyapara. Jina lake Adinani, mtu wa Lindi, filimbi shingoni.

"Kuna nini hapa? Nani kaoa?"

"Maji, bwana nyapara," Saadi akasema. "Tena matamu. Onja."

"Nionje nini? Nani kakuajiri uchimbe kisima? Hili ni shimo la lifti!"

Tukatazamana. Lifti tulikuwa hatuijui.

Adinani akatueleza kwa mikono. Ghala lile lilikuwa na chumba cha chini, ardhini, mbegu zikae kwenye ubaridi. Lifti ni sakafu ya mbao inayoning'inia kwenye waya. Injini inauvuta waya, magunia yanapanda na kushuka bila mgongo wa mtu. Na chini ya hiyo sakafu lazima pawe na shimo, ndimo linamokaa gurudumu na machuma yake.

Mama mmoja akauliza, "Sasa bwana nyapara, na sisi tunaokula kwa migongo tutakula kwa nini?"

Watu wakacheka. Adinani hakucheka.

"Cheka. Maji yakikaa humo, waya unakula kutu. Waya ukikatika, lifti inaanguka na mtu. Maji yakizidi, yanaingia chumba cha mbegu. Mbegu ikilowa inachipua ndani ya gunia, halafu inaoza. Mwakani mtapanda kucheka?"

Wanawake wakaondoka na madebe yao, wengine wamepata, wengine hawakupata.

Basi ikaanza kazi ya kuliziba lile shimo. Nilidhani ni kupaka kama tunavyokandika nyumba. Kumbe sivyo. Adinani alisema maji ya ardhini yanasukuma, hayachoki. Ukipaka ndani peke yake yatabandua plasta yako kama ganda la muhogo. Kwa hiyo walijenga ukuta wa zege kandokando, wakaacha nafasi nyuma yake, upande wa udongo. Huko nyuma wakapaka lami ya moto, ikikauka wakapaka tena, na tena, ndipo wakafukia. Halafu ndani wakapiga saruji.

Mpika lami alikuwa kaka yangu Kaimu. Alikuwa mweusi mpaka kwenye kope.

Saadi akamtania. "Shemeji, jioni ukija kwangu uwe unakohoa mbali, nisije nikakukanyaga nikidhani ni kivuli."

"Na wewe ukiingia tena kwenye tundu lako usitoke," Kaimu akajibu. "Dada yangu nimtafutie mume anayeishi juu ya ardhi."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakipendana. Mashemeji bila matusi hawali wakashiba.

Kazi ilipokwisha, lami ikabaki chini ya pipa, imegandamana na mchanga. Adinani akasema ikatupwe. Kaimu akaikwangua, akaja nayo kwangu kwenye bati, akaipasha moto, akanipakia nguzo zote za nyumba tangu chini hadi kiunoni.

"Mchwa wa Nachingwea wana meno," akasema. "Mpwa wangu asije akaangukiwa na paa."

Kwetu Wamwera mtoto ni wa mjomba. Baba anamzaa, lakini mjomba ndiye mwenyewe, ndiye anayesimama akiugua, ndiye anayempa jina la ukoo. Sisi tulizaliwa wawili tu, Kaimu na mimi. Mtoto yule tumboni hakuwa na mjomba mwingine chini ya jua.

Lifti ikaanza kupanda na kushuka. Shimo likawa kavu, mtu angeweza kulaza mtoto humo. Bwana mwenyewe, yule kontrakta, akashuka na taa akalipapasa kwa kiganja, akampiga Saadi begani. Saadi akapewa kazi ya kulitunza: kufagia, kupaka grisi, kuangalia unyevu kila asubuhi.

Nikasema moyoni, haya, sasa Mungu ametukumbuka.

Mimi sijui kwa nini nikisema hivyo tu, mtu hupiga hodi.

Alikuwa mama mkwe, Mwanaima, kutoka Nandagala. Ameteremka kwenye lori la Ruangwa, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkononi ana kibuyu kitupu. Nikamtengea maji ya kunawa. Akayatazama muda mrefu kabla ya kuyagusa.

"Kisima cha marehemu kimekauka," akasema.

Kisima kile alikichimba baba mkwe, mzee Ausi. Nandagala nzima ilikuwa inakunywa pale.

"Kiangazi kimekuwa kirefu, mama," nikasema.

"Viangazi vimekuwako tangu sijazaliwa. Kisima kile hakijawahi kukauka." Akamgeukia mwanawe. "Saadi. Huko chini uliliona jicho?"

Katika nyumba yao, pale maji yanapotokea kwenye udongo panaitwa jicho. Anayeliona kwanza huweka unga kidogo, husema jina la baba yake, na mkono wake haulifungi jicho lile maisha. Ukilifunga, maji hukasirika, huenda kufunga nyumbani kwako. Ama kisima, ama tumbo la mkeo. Mzee Ausi alimwapisha Saadi hivyo kabla hajamkabidhi jembe.

"Nililiona," Saadi akasema.

"Ukalifunga?"

"Sikulifunga, mama."

Nilikuwa nakoroga uji. Mwiko ukasimama. Nilijua shimo ni kavu. Nilidhani mume wangu anamdanganya mama yake machoni.

Mama mkwe akanitazama tumbo. Halafu akamvuta mwanawe nyuma ya nyumba, wakanong'ona. Sikwenda kusikiliza. Mke hasikilizi mtu na mama yake. Laiti ningekwenda.

Mvua ikaja. Ilianza kwa kishindo, mchana, wakati tunaanua mihogo.

Kesho yake Saadi akarudi kutoka kazini. Shimoni pana unyevu, akasema, maji kidogo kwenye pembe. Adinani naye ameona, akasema ni jasho la zege, zege jipya hutoa jasho. Wanawake wachache waruhusiwe washuke wakayachote.

"Nami nitakwenda," mama mkwe akasema.

"Mama, magoti yako," nikamwambia.

"Magoti yangu yamechota maji kabla mumeo hajaota meno."

Akaenda. Akarudi na debe kichwani, uso umemkunjuka, anaimba chini chini wimbo wa unyagoni. Nilifurahi kumwona hivyo. Nilidhani ni yale maji.

Usiku mvua haikupumzika. Kulipokucha filimbi ya Adinani ililia bila kukatika. Watu wote wakakimbilia ghalani, mimi nyuma nimeshika tumbo.

Shimo limejaa. Limejaa likapita, maji yameingia chumba cha mbegu, yamefika kwenye magunia. Sakafu ya lifti inaelea, inagongagonga ukuta kama mtu anayeomba kufunguliwa.

Saadi alikuwa mle ndani, maji kifuani, anazama, anaibuka. Anapapasa chini kwa mikono, anatumbukiza matambara na mifuko ya mchanga.

Adinani akampigia kelele, "Toka, wewe! Unatafuta nini humo?"

Akazama tena.

Bwana akaja na koti la mvua juu ya nguo za kulalia. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja, na Adinani akatufasiria. "Anauliza nani alipaka lami."

Watu wote wakamtazama Kaimu.

"Mimi," Kaimu akasema. "Na niliipaka kama nilivyoambiwa. Nje, mara zote mlizosema. Bwana nyapara ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Nilikuwa nimesimama kila mahali?" Adinani akasema. Alikuwa anaogopa kama sisi, yeye ndiye aliyesema ni jasho la zege. "Lami ingekuwa imetimia, maji yangepita wapi? Umeipunguza. Umeipeleka wapi nyingine?"

"Sijapeleka popote."

Hapo mpenda maneno, jirani yetu mmoja ambaye sitamtaja kwa kuwa wajukuu zake wapo na wananisalimia, akasema, "Mbona nguzo za nyumba ya dada yake ni nyeusi?"

Wakaja kwangu. Wakasimama uani kwenye mvua, Bwana, Adinani na askari wa boma. Adinani akapitisha kidole kwenye nguzo, akakinusa.

"Lami," akasema.

"Ni makombo ya pipa!" nikalia. "Ulisema itupwe! Bwana nyapara, wewe mwenyewe ulisema itupwe!"

Hakunitazama. Askari akamfunga kaka yangu mikono.

Kaimu akanigeukia. Hata pale hakuacha mzaha. "Mwamina, usilie, utamtisha mtoto. Mwambie mjomba amekwenda kutafuta jina."

Wakasema atalala boma, kesho asubuhi lori litampeleka Lindi kwenye kesi.

Adhuhuri wakamleta Saadi. Walikuwa wamemtoa majini kwa kumvuta. Vidole vyake vimechunika, kucha zimeng'oka, homa inampanda. Nikamlaza kitandani, nikamfunika shuka zote tulizokuwa nazo. Mama mkwe akakaa penye moto, mgongo kwetu.

Na alasiri ndipo Saadi akaniambia.

"Kaka yako hakuiba lami."

"Najua hakuiba."

"Hujui. Lami ilitimia. Ukuta ule hauna kosa, ila mahali pamoja, na hapo nilipaweka mimi."

Meno yalikuwa yanamgongana. Nikainamisha sikio.

"Nilishindwa kulifunga jicho, Mwamina. Wenzangu walipokwenda kula nilitoboa ukuta pale chini, kwenye pembe, nikatia kigingi cha mpingo. Nilikichonga mwenyewe, nikakivisha kitambaa na nta ya nyuki, nikakipaka lami juu kisionekane. Nikajiambia, sikufunga. Nimeweka mlango tu. Na mlango si ukuta. Kazi ya Bwana imefanyika, na kiapo cha baba hakijavunjika."

"Na sasa?"

"Sasa kimetoka. Nimekitafuta sikukiona. Mpingo hauelei, ulipaswa kuwa chini pale pale. Sijui kimetokaje."

Wajukuu zangu, mimi shule niliishia kusoma na kuandika. Lakini tangu siku ile nikisikia mtu anajenga ghorofa, swali langu ni moja: shimo la lifti mmelizibaje, na aliyeliziba alikuwa anamwogopa nani? Tundu la kidole tu lilitosha. Lami yote ile, saruji yote ile, tundu la kidole.

"Basi amka," nikamwambia. "Amka twende boma ukaseme. Wanampeleka Lindi asubuhi."

"Nitakwenda."

"Twende sasa."

"Niache nipate joto kidogo. Mvua ikipungua tutakwenda wote. Nitasema yote." Akanishika kiganja kwa vile vidole vyake vya nyama. "Watanifunga mimi. Utajifungua peke yako. Umelifikiria hilo?"

Nilikuwa nalifikiria tangu alipofungua mdomo. Nikisema, mtoto anazaliwa baba yuko gerezani. Nikinyamaza, anazaliwa hana mjomba. Na mjomba huyo hana kosa.

"Nimelifikiria," nikasema. "Mume hupatikana. Kaka nitamzaa wapi?"

Nikamtikisa. Alikuwa amekwisha lala, mdomo wazi, mkono bado umenishika.

"Usimwamshe," mama mkwe akasema.

"Mama, umesikia yote. Kaka yangu anakwenda kufungwa kwa kosa si lake."

"Na mwanangu ndiye aende?"

"Kigingi ni chake! Kimevuja, kimetoka, ni kazi ya mikono yake!"

Mama mkwe akafungua pindo la kanga. Akatoa kitu, akakiweka sakafuni kati yetu. Cheusi, kirefu kama unyayo wa mtu, kisigino hadi vidole, kina uzi wa kitambaa bado umekishika.

"Hakikutoka," akasema. "Kilivuja kidogo, ndiyo. Nami jana, nilipokwenda kuchota, nilikichomoa."

Nikakitazama. Nikamtazama yeye.

"Saadi aliniambia kiko wapi, siku ile nyuma ya nyumba. Aliniambia ili nitulie. Ningetuliaje? Nandagala wanakunywa tope. Nami nakuona wewe na tumbo hilo, na maji yamefungiwa mlango. Nikasema nikiyafungulia njia, yatarudi kwetu, nawe utajifungua salama. Nilidhani yatatoka taratibu. Kisima huwa hakina haraka. Sikujua kama yatakuja vile."

"Basi kaseme wewe, mama. Kaseme boma ni wewe."

"Nitasema. Unadhani sitasema? Lakini wataniuliza, bibi, kigingi hiki kiliwekwa na nani?"

Alilosema lilikuwa kweli. Kila njia niliyoishika mwisho wake ulikuwa ni mlango wa Saadi. Hata ukweli wa mama yake ulikuwa unaanzia kwake.

"Nitakwenda mwenyewe," nikasema. "Peke yangu. Nitawaambia waje wakione."

Nikaanza kujiinua kwa nguzo. Lami ikanishika kiganja. Ilikuwa bado haijakauka vizuri kwa unyevu.

Mama mkwe naye akainuka. Akachukua kigingi. Akachukua mkeka wake uliokuwa umesimamishwa ukutani, akautandika mlangoni, kutoka mwimo huu hadi mwimo ule. Nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja. Akajilaza ubavu, akakiweka kigingi chini ya shavu, akajifunika kanga.

"Nimechoka, mkwe wangu," akasema. "Sijalala tangu jana. Tutasema kesho."

"Mama, kesho lori limeondoka."

Akaivuta kanga hadi sikioni.

"Mama, nipishe. Nakuomba."

Labda mnaniuliza, si ungemruka? Wa siku hizi mngemruka. Mimi nilifundwa unyagoni na wanawake waliomfunda yeye. Mkwe haruki mwili wa mkwe wake. Na mwenye mimba akimruka mkwe aliyelala, huyo mtoto kamtakia nini? Niliujua mwiko ule kama ninavyolijua jina langu, na yeye alijua kwamba naujua. Kama alijilaza pale kwa makusudi au kwa uchovu, mpaka leo nimeshindwa kumhukumu. Nilisimama juu yake mguu mmoja umeinuka kidogo. Nikaurudisha chini.

Nikamgusa bega. Nikamwita kwa jina la mwanawe. Alikuwa anakoroma tayari, taratibu, kama mtu asiye na deni na yeyote.

Nje mvua ilikuwa inapungua, ile ile tuliyokuwa tunaisubiri ipungue. Kwa juu ya mwili wake niliiona barabara ya boma, iko karibu, mtu angeweza kuita akasikiwa. Nikaita, "Jamani!" Sauti ilitoka ndogo. Wote walikuwa ghalani wanabeba mbegu zilizolowa.

Nikarudi nikakaa chini, mgongo kwenye nguzo ya Kaimu. Huku baba wa mtoto analala, huku bibi yake analala. Mtoto alikuwa akinipiga mateke tangu filimbi ya asubuhi, kama anayetaka kutoka akaseme yeye. Nikamwekea kiganja chenye lami.

Akapiga mara moja, kidogo. Akajigeuza. Halafu naye akatulia, akalala.